Viti sita vya sinema, chumba kimoja: shajara ya mradi

Naandika hapa kila hatua inapokamilika, ili mwingine akitaka kuweka viti vya sinema vya kujilaza nyumbani kwake asianzie pale nilipoanzia mimi. Hatua za kawaida nitazipitia mbiombio. Pale nilipoharibu ndipo nitakapokaa. Bei sitaandika, kwa kuwa bei ya kwako si ya kwangu. Nitaandika gharama kwa asilimia, mradi mzima ukiwa 100.

11 Januari 2025: Viti vimefika

Ukumbi mmoja wa sinema ulikuwa unabadilisha viti vyake vya kujilaza, na vya zamani vimerundikwa uani vikisubiri kutupwa. Nimechukua sita: safu mbili za viti vitatu vitatu, kila safu na mikono yake minne. Ni vile vya umeme. Ukibonyeza kitufe, ubao wa miguu unainuka kwanza, kisha mgongo unalala polepole. Viti vyenyewe vimekula asilimia 18, kuvisafirisha 12. Usidharau usafiri: kiti kimoja kina kilo 55, na uzito wote uko chini, kwenye vyuma.

Kosa la kwanza nimelifanya kabla hata ya kuondoka pale. Vijana waliokuwa wanang'oa viti walikata waya kwa koleo, kwa sababu ndiyo njia ya haraka, nami nimesimama natazama kama mgeni. Adapta zimebaki chini ya sakafu ya ukumbi, na mimi nimerudi nyumbani na viti vyenye mikia ya waya yenye urefu wa kidole. Ukienda kuchukua vya kwako, beba bisibisi, piga magoti, chomoa plagi mwenyewe.

Ndani ya viti nimekuta bisi zilizogeuka kokoto, kalamu nne, na hereni moja. Chini ya kiti cha pili kuna kibandiko cha mota: volti 29, na chini yake maandishi madogo, "2 min / 18 min". Sikuyaelewa, nikayaacha. Tutayarudia.

18 Januari: Kupima chumba

Chumba kina upana wa mita 3.6 na urefu wa mita 5.2. Picha ya projekta ina upana wa mita 2.4, na ukingo wake wa chini uko sentimita 90 kutoka sakafuni.

Kiti kikiwa kimefungwa, yaani kimesimama wima, kina kina cha sentimita 95. Safu ya viti vitatu ina upana wa sentimita 240: makalio (sehemu za kukalia) matatu ya sentimita 56, mikono minne ya sentimita 18. Nikachora kwenye karatasi, safu mbili zikaingia vizuri na nafasi ya kupita ikabaki. Nimelala usingizi mzuri siku hiyo.

Ningejiuliza swali moja tu ningejiokoa: kwa nini kumbi zinazoweka viti hivi hupoteza viti vingi hivyo? Safu za zamani huwa na kama mita moja kutoka mgongo wa kiti hadi mgongo wa kiti cha nyuma. Za viti vya kujilaza hutaka karibu mita mbili, na kila kiti ni kipana zaidi. Kampuni ya AMC ya Marekani ilipoanza kubadilisha kumbi zake miaka ya 2010, ukumbi uliobadilishwa uliweza kupoteza hadi karibu theluthi mbili ya viti. Hakuna mfanyabiashara anayeng'oa viti kiasi hicho kwa kupenda. Nafasi ndiyo inayouzwa pale, sponji ni nyongeza. Mimi nikaona sponji.

8 Februari: Jukwaa limekamilika

Safu ya nyuma lazima iinuke ili anayekaa huko aone juu ya kichwa cha aliye mbele. Hesabu yake si ngumu. Unavuta mstari kutoka jicho la mtu wa nyuma hadi ukingo wa chini wa picha, kisha unahakikisha mstari huo unapita juu ya utosi wa mtu wa mbele. Jicho langu nikiwa nimekaa wima liko sentimita 112 kutoka sakafuni, utosi uko 12 juu yake. Macho ya safu ya mbele yako mita 2.6 kutoka kwenye picha, ya nyuma mita 4.4. Jibu: jukwaa la sentimita 36.

Mbao, plaiwudi ya milimita 18 tabaka mbili, skrubu, zulia juu. Wikendi tatu. Asilimia 15 ya bajeti.

Jioni nikaweka viti, bado bila umeme, tukavifungua kwa kuzungusha parafujo ya mota kwa mkono. Mimi nikakaa mbele, mdogo wangu akajilaza nyuma, nikawasha projekta.

"Unaona?"

"Kaka, mimi naona kisogo chako tu."

Nikadhani anatania. Tukabadilishana. Nikaona kisogo chake, kikiwa kimekaa katikati ya picha kama jua linalozama.

9 Februari: Kilichotokea

Leo nimepima upya, safari hii kiti kikiwa kimelala. Kikifunguka chote, kina kinatoka sentimita 95 hadi 168: mgongo unarudi nyuma 28, ubao wa miguu unatoka mbele 45. Jicho linashuka kutoka 112 hadi 100. Hizo 12 zilizopotea ndizo hasa jukwaa lilizopungukiwa. Mtu wa nyuma akijilaza huku wa mbele amekaa wima, jukwaa linatakiwa kuwa sentimita 48. Kupanda sentimita 48 gizani ni kazi ya ngazi mbili, na ngazi mbili zinataka sakafu ambayo sina.

Balaa la pili lilikuwa kwenye miguu. Safu zote mbili zikifunguliwa, mgongo wa kiti cha mbele unakutana na soli za aliye nyuma. Hapiti mtu, hapiti hata paka.

Niliwaza kuinua picha. Lakini picha ikipanda, wa mbele anakunja shingo, na shingo ndiyo iliyonitoa kwenye kochi. Niliwaza kusogeza safu ya mbele, ikawa karibu mno na picha. Jukwaa linavunjwa. Safu itakuwa moja, viti vitatu, na vile vingine vitatu vitakuwa vipuri. Mbao nimeokoa karibu nusu, plaiwudi nimeitoboa sana haifai tena.

Kutoka leo kila kipimo nakichukua mara mbili, kiti kikiwa kimefungwa na kikiwa kimelala, na kinachotumika ni kile kibaya zaidi.

15 Februari: Mahali pa safu moja

THX, kampuni ya Marekani inayoweka viwango vya sinema, hushauri picha ijaze angalau digrii 36 za macho hata kwa aliyekaa kiti cha mwisho. Kwa picha ya mita 2.4 hiyo ni mita 3.7. Nimepanga macho yaangukie hapo mtu akiwa amejilaza, kwa hiyo akikaa wima anasogea mbele kidogo, na hilo halina madhara. Nyuma ya mgongo uliolala kumebaki nafasi ya kupita na mkono wa kupangusa vumbi. Viti nimevifunga sakafuni kwa bolti. Kisipofungwa, mtu mzito akijilaza kinataka kwenda naye.

1 Machi: Umeme

Mota ya viti hivi ni mota ndogo inayozungusha parafujo ndefu. Parafujo ikizunguka, nati inasogea na kusukuma vyuma vya kiti. Ukigeuza chanya na hasi inarudi. Ndani kuna swichi mbili ndogo zinazokata umeme nati ikifika mwisho wa njia. Kwa kuwa meno ya parafujo yana mteremko mdogo, mtu hawezi kuirudisha kwa uzito wake, ndiyo maana kiti hubaki pale ulipokiacha hata umeme ukikatika.

Nilikuwa na adapta ya volti 24 kwenye boksi la takataka za umeme. Kiti kitupu kilifunguka, taratibu. Nilipokalia kikainua miguu hadi nusu, kikanung'unika, kikasimama. Volti zikipungua, nguvu inapungua pia. Nikanunua adapta moja ya volti 29, ampea 2, nikijidanganya kuwa itatosha viti vyote vitatu kwa sababu nani atabonyeza pamoja? Filamu ilipoanza wote watatu tulibonyeza pamoja. Adapta ikajizima. Kila kiti sasa kina adapta yake na fyuzi yake.

Kiti cha pili kilinila jioni nzima. Kitufe kinabonyezwa, mota inatoa "tk", basi. Multimeta (kipimo cha umeme) kwenye waya: volti 29, safi kabisa. Nikabadilisha kitufe, hola. Nikabadilisha adapta, hola. Mwishowe mke wangu, ambaye alikuja kuuliza kama tunakula au hatuli, akaniambia nipime huku kitufe kimebonyezwa. Volti 11. Zilikuwa zinapotea kwenye kiungio cha waya ambacho nilikisokota kwa vidole na kukizungushia utepe. Nyuzi tatu tu ndizo zilikuwa zinagusana. Nikakikata, nikakilehemu kwa risasi, kiti kikainuka. Waya zinazopita kwenye vyuma nimeziacha na ulegevu wa kutosha kwa kiti kilicholala, si kilichofungwa. Hilo angalau nilikuwa nimejifunza.

Umeme wote: asilimia 14.

9 Machi: Mota iliyokufa ikafufuka

Nilitaka kuwaonyesha wageni. Fungua, funga, fungua, funga, kama mtoto aliyepata mlango mpya. Kiti cha tatu kikanyamaza katikati. Hakuna "tk", hakuna kitu. Nikakipindua, nikatoa pini mbili, nikachukua mota kutoka kwenye kiti cha vipuri, nikaifunga. Saa mbili za kazi na kidole kimechubuka. Mota "iliyokufa" ikakaa mezani. Baada ya chakula nikaijaribu kwa kutaka kujua tu, ikazunguka.

Ndipo nilipokumbuka kibandiko. "2 min / 18 min" maana yake ni dakika 2 za kazi, kisha dakika 18 za kupumzika. Mota hizi zimeundwa kwa mtu anayejilaza mara moja na kuinuka filamu ikiisha. Ukiichosha, kinga ya joto ndani yake inaikata hadi ipoe. Kwa hiyo kiti chako kikigoma, kabla hujashika spana, kipe nusu saa.

22 Machi: Boksi la viatu

Hili nilipaswa kulifanya kabla ya kumkalisha mtu yeyote. Mwaka 2018 huko Birmingham, Uingereza, mtazamaji alibanwa chini ya ubao wa miguu wa kiti cha sinema alipokuwa anatafuta vitu vyake vilivyoanguka, na akafariki siku chache baadaye. Mimi nina paka anayependa giza.

Nikaweka boksi tupu la viatu chini ya ubao wa miguu uliofunguliwa, nikafunga. Kiti hakikusita hata kidogo. Boksi lilikunjwa likawa karatasi, na sauti ya mota haikubadilika. Nilisimama pale muda kidogo nikilitazama.

Vitufe vya viti hivi vilikuwa na kimoja cha "rudi nyumbani": unagusa mara moja, kiti kinajifunga chenyewe hadi mwisho. Nimekitoa kwenye viti vyote. Sasa lazima ushikilie kidole muda wote, ukiachia kinasimama. Nimeweka swichi moja kubwa ukutani inayokata umeme wa safu nzima, karibu na mlango, na ndani ya kila kiti pini za mota nimezigeuza ili kichwa cha pini kielekee nje, mtu aweze kuzichomoa bila kulala chini yake. Kalamu ikianguka chini ya kiti, swichi inazimwa kwanza. Na kabla ya kufunga, paka ahesabiwe.

12 Aprili: Sponji, mara ya kwanza

Makalio ya zamani yalikuwa yamebonyea kama sahani. Nikanunua sponji nene ya sentimita 10, laini, ukiikalia dukani unasema hapa hapa. Nimekata, nimebandika kwa gundi, nimerudisha ganda la zamani juu yake kwa muda. Raha tupu.

4 Mei: Sponji, mara ya pili

Wiki tatu, raha imekwisha. Ukikaa dakika arobaini unaanza kuusikia ubao. Ulaini wa dukani haukuniambia kitu. Kinachoamua sponji itadumu au haitadumu ni msongamano wake, yaani kilo ngapi kwa mita moja ya ujazo. Unaweza kuupima mwenyewe kwa mizani ya jikoni. Kipande changu cha sentimita 50 kwa 50 kwa 10 ni mita za ujazo 0.025, na kilikuwa na uzito wa gramu 620. Gawanya: karibu kilo 25. Hiyo inafaa mgongoni, kwenye makalio haifai. Nimerudi kununua ya kilo 44 nikiwa na mizani mkononi. Muuzaji alinitazama kama mtu anayepima upepo, lakini kipande cha ukubwa uleule kilikuwa na kilo 1.1, nikalipa.

Ya kilo 25 imehamia kwenye migongo na sehemu ya kichwa, iliyobaki imetupwa. Sponji zote: asilimia 21, na 8 kati ya hizo ni upotevu mtupu. Halafu ya kilo 44 ni ngumu siku ya kwanza. Usiogope, inakubali baada ya wiki.

7 Juni: Ganda

Ngozi bandia ya zamani ilikuwa inabanduka vipande vidogo vyeusi vinavyoganda kwenye nguo. Ndivyo ngozi bandia za aina hii zinavyozeeka, unyevu na jasho huila tabaka la juu. Hakuna dawa ya kupaka itakayoirudisha, nilijaribu mbili. Nimechagua kitambaa kizito badala yake. Hakifutiki kirahisi kama ngozi, ila hakikunati mgongoni.

Kung'oa pini za stepla kunataka uvumilivu wa mtu anayechambua mchele. Usichane ganda la zamani; fumua kila mshono, andika namba nyuma ya kila kipande, kitumie kama ruwaza. Kushona kwenyewe nilimpa fundi wa masofa, cherehani yangu ilikataa tabaka nne.

Lakini kubana kwenye fremu nilifanya mimi, na nilibana kiti kikiwa kimefungwa. Kimenyooka, hakina hata mkunjo, nikapiga picha. Nikabonyeza kitufe. Ubao wa miguu ukainuka, na pale makalio yanapokutana na ubao kitambaa kikakaza, kikakaza, kisha pini za stepla zikaanza kuruka moja baada ya nyingine, tik tik tik, kama bisi sufuriani. Ndiyo, kosa lilelile la Februari, safari hii kwa kitambaa. Mke wangu hakusema neno, akaokota pini.

Pale kwenye bawaba kunatakiwa kipande cha ziada kinacholala kikiwa kimekunjwa kiti kikifungwa, na kujinyoosha kiti kikifunguka. Kwa kiti changu ni sentimita 14. Fungua kiti chote, bana kitambaa, kisha kifunge taratibu uone mkunjo unaingia wapi. Kitambaa na fundi: asilimia 17.

5 Julai: Sauti, na kelele

Kitu ambacho sikukitarajia: filamu zikawa na sauti finyu. Spika za nyuma zilikuwa ukutani kwenye kimo cha sikio, sentimita 110, na sasa kati yake na masikio kuna mgongo wa kiti wenye sponji. Sauti nene zinapita, zile nyembamba za mvua, majani na hatua za mtu zinamezwa. Nimezipandisha hadi sentimita 180 na kuziinamisha zielekee vichwani. Nilizipima, tafadhali mnisamehe, mtu akiwa amejilaza.

Vyuma vilikuwa vinalia. Grisi ilivinyamazisha siku mbili, kisha ikakusanya nyuzi za zulia na tone likaanguka kwenye kitambaa kipya. Nimeifuta yote, nimeweka washa za plastiki kwenye viungo na kupuliza silikoni kavu. Washa, bolti, silikoni na vitu vidogo vidogo: asilimia 3.

Kwa anayejumlisha: viti 18, usafiri 12, jukwaa 15, umeme 14, sponji 21, kitambaa 17, vidogo 3. Jukwaa na sponji mbovu ni 23 zilizokwenda bure, yaani zaidi ya bei ya viti vyenyewe.

19 Julai: Kilichobaki

Tumetazama filamu mbili mfululizo, karibu saa tano, na hakuna aliyeinuka ameshika kiuno. Kiti cha tatu bado kinatoa "kwii" moja fupi mgongo ukifika nusu ya safari. Nimeshabadilisha washa mara mbili. Nashuku riveti ya upande wa kushoto imelegea, na riveti ile haifikiki bila kuvua ganda.

Viti vya vipuri viko stoo, kimoja hakina mota na ile ya kidole changu kilichochubuka imefungwa kwenye kiti cha tatu, inafanya kazi vizuri tu. Ile "iliyokufa" nimeiweka kwenye droo na kibandiko: "Nzima. Iache ipoe."